Siku Masikini Wetu Walipopendeza Mno

Vijana wangu wa Nyumba ya Uji, mliponiaga mlinipa kiti cha kukalia, mkaniomba niandike kidogo habari za miaka yangu ya kazi. Kiti ninakikalia sasa hivi na kinayumba, aliyekitengeneza anajijua. Habari nazo naziandika, ila msitegemee kusoma jinsi nilivyopanda vyeo. Katika nyumba yetu cheo kilikuwa kimoja tu, kukoroga, nami nilipewa siku ya kwanza kabla sijaulizwa jina.

Wengi wenu mmezaliwa baada ya Wadachi, hao Wajerumani, kuondoka, mnadhani Dodoma ilikuwa hivi siku zote. Nilipofika mimi kulikuwa na stesheni mpya, boma, maduka machache ya Wahindi na vumbi. Kati ya vyote hivyo, vumbi ndilo lililobaki vilevile. Reli ilikuwa imekwisha kupita na kuendelea zake kuelekea Tabora, na nyuma yake iliacha watu, kama mtu anayehama nyumba anavyoacha vyungu vilivyopasuka. Kulikuwa na vibarua waliougua wakaachwa, wajane wao, wapagazi wazee ambao kazi yao ilichukuliwa na treni, na Wagogo wenzangu waliokimbia njaa vijijini mvua ilipokataa kunyesha. Walijenga vibanda vya magunia nyuma ya stesheni, na mahali pale tukapaita Maguniani.

Hapo Maguniani ndipo mama mmoja Mdachi wa misheni alipofungua jiko la kuwapikia uji wasio na chakula. Jina lake la ukoo lilikuwa gumu, hata yeye mwenyewe alilitamka kama anayekohoa, kwa hiyo watu walimwita Bibi Kijiko. Alikuwa na kijiko kidogo alichokining'iniza shingoni kwa uzi, na hakuna uji uliotoka jikoni kabla hajauonja. Uso wake baada ya kuonja ulikuwa uleule, uji ukiwa mtamu au umeungua, na mpaka leo sijui kama kile kijiko kilimsaidia kitu.

Siku yangu ya kwanza sikuja kutafuta kazi. Nilitoka kwetu Mkonze, nimejipaka samli na udongo mwekundu kichwani, mkuki mkononi, na mbuzi dume wa baba niliyetumwa kumuuza mjini. Moyoni nilikuwa na safari yangu nyingine, ya kuiona treni. Nikaiona. Ilipopiga filimbi mbuzi akakata kamba akakimbia, na alinishinda mbio. Nasema alinishinda kwa sababu na mimi nilikuwa nakimbia.

Mbuzi aliingia uani kwa Bibi Kijiko, ambako uji ulikuwa umemiminwa kwenye beseni kubwa upoe, akatumbukiza kichwa na miguu miwili ya mbele. Msichana aliyekuwa akigawa alimpiga kwa mwiko, mwiko ukagonga pembe ukavunjika. Nikatokea mimi na mkuki wangu, nahema. Watu wote kwenye mstari walinitazama kama vile nimewatuma mimi wote wawili, treni na mbuzi.

"Huyu ni mwenzako?" msichana akaniuliza.

"Ni mbuzi wa baba."

"Sikukuuliza ni wa nani. Nimekuuliza kama ni mwenzako, maana naona akili mnafanana."

Nilimuuliza kwao ni wapi, akasema ni Mnyamwezi, binti wa mpagazi, ameachwa yatima njiani na kulelewa na misheni. Jina lake Rahabu. Basi nikashusha pumzi, kwa sababu Wanyamwezi na sisi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako na wewe ukacheka. Ukikasirika, aibu ni yako. Nikamjibu, "Ndiyo maana umempiga. Mnyamwezi akiona mbuzi hafikirii nyama, anatafuta pa kumfungia mzigo."

Akacheka, na kicheko kile kilinifanya nisahau kwamba mimi ni mtu mwenye shughuli mjini. Kisha akanyoosha kidole kwenye chungu cha pili kilichokuwa kinachemka. "Koroga. Mwenzako ameshakula, hawa bado."

Mwiko ulikuwa umevunjika. Rahabu aliutazama mkuki wangu, nami nikaelewa, nikasema haiwezekani. Akasema upande wa mti, si wa chuma. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi yangu, mtoto wa mfugaji, nikikoroga uji kwa mpini wa mkuki, na wazee wa Kigogo waliokuwa kwenye mstari wakifunika nyuso kwa aibu huku vibuyu vyao wamevinyoosha mbele. Jioni mbuzi alikataa kabisa kuondoka mahali penye uji. Mimi nami nilikataa, ila nilimsingizia mbuzi.

Sasa niwaambie habari za vifaa, kwa kuwa siku hizi mnalalamika sana. Sufuria yetu kubwa ilikuwa tangi la maji la reli lililokatwa katikati, na mafiga yake yalikuwa mataruma, vyuma vya kulaza chini ya reli, ambayo mafundi walituachia. Chuma kile kilishika moto mpaka alasiri, kwa hiyo ukiondoa kuni mapema uji uliendelea kujipika wenyewe kwa kiburi. Mwiko mpya alinichongea fundi wa Kirangi kutoka Kondoa, mrefu kunizidi mimi. Rahabu alinifundisha kuuvuruga unga wa uwele kwenye maji ya baridi pembeni kwanza, ndipo nimimine, na nisiache kukoroga hata nzi akitua puani. Alinifundisha kutia ubuyu mwishoni, kwa sababu ukitia mwanzoni unakatika. Nzi alitua puani mara nyingi.

Jambo moja Rahabu alilishika kuliko chumvi. Alisema anayepewa atazamwe machoni na asalimiwe kwanza, kwa heshima zote, kama mgeni aliyekuja mwenyewe kukutembelea. "Mbukwenyi," tuliwaambia Wagogo, na kwa wazee wa Kiswahili, "Shikamoo." Ukianza kumuuliza mtu ana nini na hana nini, alisema, umeshamuuzia ule uji. Bibi Kijiko alimpenda kwa hilo, nami nilimpenda kwa hilo na mengine. Bibi alikuwa na sala ndefu kabla ya kugawa, mpaka uji ukawa unaota ngozi juu, na Rahabu aliweka mfuniko bila kufumbua macho. Imani yangu ilianzia hapo. Nilimwona mtu anayemcha Mungu na bado anakumbuka mfuniko.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Iliyonichosha kuliko zote ni Mzee Chilimo. Alifika kila asubuhi, mwembamba, amejifunga kipande cha gunia, akapokea uji wake na kuketi pembeni akiusifu kidogo. Bibi Kijiko alipenda kumwonyesha kwa wageni wa misheni. Siku moja alimwambia mgeni mbele yake, "Huyu ni masikini wetu wa kwanza." Mzee aliweka kibuyu chini, akanigeukia, akazungumza Kigogo kwa sauti ya baraza.

"Mwambie huyu mama mimi si masikini. Nina ng'ombe."

"Wako wapi, baba?"

"Wako kwa watu."

Ndugu zangu wasio Wagogo, nieleweni. Kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote zizini kwake, maana ugonjwa ukiingia utawamaliza. Huwagawa kwa marafiki na jamaa, wakawatunza, wakanywa maziwa, na wewe ukabaki na jina. Chilimo alikuwa na ng'ombe mbali, kwenye mazizi ya watu waliokuwa na shida kuliko yeye. Angewadai warudi, watoto wa wale watu wangekosa maziwa ukame ule. Kwa hiyo alikuja kunywa uji wetu ili asiwanyang'anye wengine. Nilipomtafsiria Bibi Kijiko, alionja uji mara tatu. Tangu siku hiyo hakumwita tena masikini mbele ya mtu.

Baba yangu alisikia habari zangu. Kwetu mwanamume hapiki. Mwanamume anayepika akiwa na mama, dada na mashangazi walio hai ni habari inayosafiri upesi kuliko treni. Alitoka Mkonze kwa miguu, akafika, akaketi juu ya gogo, akanitazama nikikoroga tangu mwanzo hadi mwisho. Rahabu akampelekea kibuyu kwa adabu zote, akanywa, akaletewa cha pili, akanywa. Kisha akasimama.

"Chumvi imezidi," akasema, akarudi Mkonze.

Nilijua hapo amenisamehe nusu.

Sasa nifike kwenye shida yangu mwenyewe, ambayo mlikuwa mnaisubiri, msinidanganye. Nilitaka kumuoa Rahabu, na sikuweza kumfanya aamini. Mtani hawezi kusema neno la kweli likaaminika. Nilimwambia wazi tukiwa tunasafisha tangi, "Rahabu, nataka kukuoa." Akajibu, "Unioe nikakukamulie ng'ombe? Kamua mwenyewe, mikono unayo, na siku hizi hata kupika unajua." Waliobaki uani wote walicheka. Nikamletea asali nzuri ya Kondoa, akaishukuru sana na kuitia kwenye uji wa wagonjwa. Nikamwambia kanisani, kwa kunong'ona, nikidhani huko utani hauingii. Aliangua kicheko katikati ya zaburi na Bibi Kijiko akatutoa nje wote wawili. Huko nje nilimwapia kwamba sitanii, akasema, "Mgogo akiapa ujue ng'ombe wake amezaa," akaenda kupepeta unga. Nilikuwa nateseka jamani, na kila nilivyoteseka ndivyo alivyozidi kufurahi.

Ndipo ilipokuja habari ya boma. Bwana wa Boma, yule Mdachi mkubwa mwenye askari na kiboko, alikuwa anatafuta watu wa kutengeneza barabara. Aliambiwa na mtu fulani kwamba Maguniani pamejaa wavivu wazima wanaofugwa kwa uji. Akampelekea Bibi Kijiko neno kwamba atakuja kuwatazama hao masikini kwa macho yake. Akiona si masikini, jiko litafungwa siku hiyohiyo, wanaume kwa wanawake watachukuliwa barabarani, na Bibi pamoja na msichana wake watapanda treni kurudi misheni ya pwani.

Bibi alitueleza huku amekishika kijiko chake shingoni. Barabarani wazee kama Chilimo wasingemaliza mwezi, hilo kila mtu alilijua. Mimi niliwaza hayo, kisha niliwaza treni ikimbeba Rahabu, nikasahau kukoroga mpaka uji ukaungua chini. Siku hiyo hata Rahabu hakunitania. Alikwangua ukoko kimyakimya, na mara moja nilimwona akijifuta macho kwa kiwiko.

Bibi alinituma niwaeleze watu kwa Kigogo, nami niliwaeleza vizuri. Nilisema mkubwa wa boma anakuja kwa mama yenu anayewalisha, anakuja kutazama watu wake walivyo, na yakimchukiza atamfukuza mama huyu. Sikuongeza, sikupunguza. Wazee walisikiliza wakitikisa vichwa kukubali. Chilimo alisema, "Tumeelewa. Hatutamwaibisha." Nikaenda kulala nimetulia, na sikujiuliza wameelewa nini.

Nawaambia ninyi vijana mnaojua kusoma: kwetu ukikaribishwa kwa mtu na mgeni wake mkubwa anakuja, huendi na magunia. Ukienda na magunia unamtangaza mwenyeji wako kuwa hawezi kutunza watu. Unajipaka mafuta. Huna mafuta, unaazima. Hata kama unalala na njaa, siku hiyo unasimama umenyooka ili mama wa nyumba apate sifa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hakuna aliyefikiria vingine, hata mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Wasiokuwa Wagogo waliona majirani wanajipamba, wakaogopa kuonekana wachafu peke yao.

Asubuhi ya siku ile niliingia uani nikadhani nimekosea njia. Maguniani pote palikuwa pamewaka mapambo. Wajane walivaa shanga za mashemeji zao mpaka mabegani. Wapagazi wazee walivaa kanzu walizoazima kwa wenye maduka. Wanaume wa Kigogo walijipaka samli na udongo mwekundu waking'aa, ndewe za masikio zimejaa mapambo, mikuki imesuguliwa. Kipofu mmoja alikuwa na saa ya mfukoni, nikamuuliza ya nini, akasema ameambiwa inapendeza. Na juu ya hayo, vumbi likatimka upande wa Nkuhungu, akatokea Mzee Chilimo na kundi la ng'ombe. Alikuwa amezunguka kwenye mazizi ya watu, akawaazima ng'ombe wake mwenyewe kwa siku moja. Baba yangu alikuwa nyuma yake akisaidia kuchunga, maana alisikia kuna mgeni mkubwa na ng'ombe wengi, na vitu hivyo viwili havimpiti.

"Je?" Chilimo akaniuliza, kifua mbele. "Mama atajivuna?"

Bibi Kijiko alitoka nje, akatazama, akaketi chini palepale kwenye vumbi. Rahabu alishika mdomo. "Wametuua," akaninong'oneza. "Wametuua kwa upendo." Nilitaka kuwaambia wavue, wawarudishe ng'ombe, lakini Bwana wa Boma alikuwa ameshafika kwenye kona, juu ya nyumbu wake, na askari nyuma.

Wazee walimpokea kwa ngoma. Ngoma nzuri kweli, sijawahi kuona ngoma iliyoharibu mambo kwa uzuri namna ile. Bwana wa Boma aliketi juu ya nyumbu akatazama shanga, akatazama kanzu, akatazama ng'ombe mmoja aliyekuwa anakula kamba ya nguo za Bibi. Alijua Kiswahili sana, cha kuamrisha.

"Hawa ndio masikini?"

Bibi alijaribu kuinuka kutoka vumbini, akaketi tena.

"Mimi sina ng'ombe wengi hivi," akasema Bwana wa Boma, na askari wakacheka kwa sababu ilikuwa kazi yao. Kisha uso ukamkauka. Akanielekezea fimbo mimi niliyekuwa na mwiko. "Wewe, waulize kwa lugha yao. Aliye masikini hapa ainue mkono. Wasioinua wanakwenda barabarani leo."

Nikauliza, neno kwa neno. Hakuna mkono ulioinuka. Mnyonge wa mwisho pale alitazama mbele, amenyooka, shanga za watu zikimning'inia. Niliwafahamu wote. Nilijua nani hakula jana. Walikuwa tayari kwenda kufia barabarani kuliko kumwaibisha yule mama kwa kusema mbele ya mgeni wake kwamba hawana kitu. Nilipowatazama vile, niliwapenda kuliko siku zote.

Basi nikainua mkono mimi. Uliinuka na mwiko wake, uji ukanitiririkia kichwani.

"Mimi ni masikini," nikasema kwa Kiswahili, kisha nikasema kwa Kigogo ili wote wasikie.

"We mtoto!" Baba akapiga kelele kutoka kwa ng'ombe. "Masikini wewe? Mbele ya watu? Huna baba?"

"Ninaye baba, na baba ana ng'ombe, lakini mimi ni masikini. Nilifika mji huu na mbuzi mmoja na yeye akanikimbia. Chakula ninachokula ni cha jiko hili. Mwanamke ninayemtaka nimemwambia nikiwa nasafisha tangi, nimemwambia kanisani, hanisadiki. Jiko likifungwa anapanda treni. Asiye na chakula chake wala mke wake wala neno lake likaaminika, mnamwitaje? Kama kuna masikini kunishinda ajitokeze, tushindane!"

Ng'ombe peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna. Halafu Chilimo akapiga hatua mbele, amekasirika kweli.

"Wewe huwezi kunishinda mimi," akasema. "Kijana mwenye meno yote! Ng'ombe hawa nimewaazima, jioni wanarudi kwa watoto wanaowanywa. Mimi nalala juu ya gunia. Mwambie huyo Mdachi." Akajifuta udongo mwekundu usoni kwa kiganja, na chini yake ulikuwa uso wa mzee mwenye njaa.

Nikamwambia. Kabla sijamaliza, mjane mmoja akavua shanga. "Hizi ni za shemeji yangu." Akazilaza chini mbele ya nyumbu. Mwingine akavua zake. Wapagazi wakavua kanzu, na ndani yake kulikuwa na mbavu. Kila mtu sasa alitaka kumshinda mwenzake, wakasukumana: mimi sina mtu, mimi mguu huu hauna kazi tangu reli, mimi nilizika watatu. Kipofu akaitoa ile saa, akasema haendi nayo popote kwani hata haitembei. Lundo likakua mbele ya nyumbu, na waliosimama nyuma yake walikuwa watu wetu wa kila siku, kwenye magunia yao, wakitetemeka kwa upepo.

Bwana wa Boma alilitazama lile lundo. Sijui aliwaza nini, wala sitaki kumpa sifa asizostahili, kwa maana kiboko chake tulikijua. Lakini alimtazama Bibi Kijiko aliyekuwa chini analia, akawatazama tena wale wazee, akasema, "Hawa hawawezi kubeba hata jembe. Watanichelewesha." Akageuza nyumbu. Alipofika kwenye kona aligeuka akaniambia uji unaungua, na ilikuwa kweli.

Jiko lilibaki. Watu wakapiga vigelegele, kisha wakakumbuka njaa, wakapanga mstari. Nami nikarudi kwenye tangi, nikashika mwiko nikoroge. Rahabu akaniondoa kwa kiwiko.

"Si umesema wewe ni masikini?" akasema. "Masikini wetu hukaa kwenye mstari."

"Rahabu, nilikuwa nasema..."

"Nimesikia ulichosema. Nenda kwenye mstari."

Sikujua kama hiyo ni hukumu au ni nini. Nilikwenda nyuma kabisa, nyuma ya kipofu. Mbele yangu mstari ulikwenda polepole, kila mtu akisalimiwa, akitazamwa machoni, akijazwa. Baba akaja kusimama kando yangu, amekunja uso.

"Umetuaibisha," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akatembea hatua moja na mimi. "Kwa hiyo ni yule mwembamba anayegawa?"

"Ni yeye."

Baba akamwita Chilimo na wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Nilisikia baba akisema itakuwa upuuzi kuwaswaga ng'ombe wale kuwarudisha halafu yeye aswage wa kwake kutoka Mkonze kuwaleta hapahapa. Waliofika wabaki kwa yule mama, mlezi wa binti, kuwa mahari, na yeye baba atapeleka wa kwake kwenye yale mazizi wawe wa Chilimo, watoto wasikose maziwa. Chilimo akaona ni akili. Bibi Kijiko, akiwa bado na vumbi kwenye sketi, alikuja kuuliza ng'ombe hawa sasa ni wa nani, na wazee wawili walimweleza kwa zamu mpaka akaonja kijiko kitupu.

Mstari ulifika mwisho. Kipofu alijaziwa, akaenda zake, tukabaki sisi wawili na tangi katikati. Rahabu alinitazama machoni. Hakuwa anacheka, na nilikuwa sijazoea kumwona asiucheke uso wangu.

"Mtani hutukana mwenzake," akasema polepole. "Sijapata kusikia mtani anayejitukana mwenyewe mbele ya watu, na baba yake, na askari. Kwa hiyo ulikuwa unasema kweli siku zote hizo?"

"Siku zote hizo."

"Hata ile ya kanisani?"

"Hata ile."

Akainamisha mwiko ndani ya tangi, akakwangua chini. Ulitoka mtupu. Akauweka kando, akajifuta mikono kwenye nguo yake.

"Uji umekwisha," akasema. "Nimebaki mimi."

Nikapokea kwa mikono miwili.